Kikao chetu cha kujadili wagonjwa mtandaoni kimevunjika siku ya kwanza. Tuendelee?

Swali: Shikamoo Dokta. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya mkoani Rukwa. Kitengo chetu kina watu wawili, mimi na tabibu mmoja. Pamoja na wenzetu wa wilaya na mikoa ya jirani (wauguzi, matabibu, wanasaikolojia, maofisa ustawi) tumeanzisha kikao cha kujadili kesi ngumu kwa Zoom, kila Alhamisi saa nane mchana. Siku ya kwanza tuliingia 14. Mwenzetu alieleza mgonjwa wake kwa dakika 25, kisha daktari bingwa tuliyemwalika akatufundisha ugonjwa wa akili wa skizofrenia kwa dakika 40, halafu umeme ukakatika kwangu. Jioni mtu akatuma picha ya mgonjwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Mganga mfawidhi amesikia, anasema tunavunja sheria. Tuache? Na kama tunaendelea, tuendeshe vipi? Nina kijana wa kifafa amenishinda kabisa, nilitaka kumleta Alhamisi ijayo.

Jibu: Marahaba, sista. Msiache. Lakini ile picha ifutwe leo, na kila aliyeipokea athibitishe kwamba ameifuta. Nitaieleza zaidi huko chini.

Nimekaa pande zote mbili za vikao hivi. Kwanza nilikuwa yule wa pembeni mwenye wagonjwa 60 na hana wa kumuuliza, baadaye nikawa yule bingwa anayealikwa. Hayo uliyoyasimulia nimeyatenda karibu yote, hata kuhutubia watu waliokuja na njaa ya jibu moja tu. Kwa hiyo usinisome kama mtu anayenyoosha kidole.

Umeme haukuwavunjia kikao. Kilichokivunja ni zile dakika 25. Mwenzenu alieleza mgonjwa kama tulivyofundishwa chuoni: umri, kabila, dini, lalamiko kuu, historia ya ugonjwa, historia ya familia, alinyonya mpaka lini, alianza shule lini. Mpangilio ule ni wa mtihani, mwalimu anataka kujua kama umekumbuka kuuliza. Wenzako kikaoni hawakupi alama. Wanahitaji kujua umekwama wapi, na wakilijua hilo mwanzoni, kila unachosema baadaye wanakisikiliza kwa sikio jingine kabisa.

Chukua mfano huu niliouunga kutokana na wagonjwa wengi. Mama wa miaka 24, siku ya kumi tangu ajifungue, halali, anabishana na mtu asiyeonekana, anasema mtoto amebadilishwa. Unaweza kuanza hivi: "Nina kesi ya saikosisi baada ya kujifungua, naomba mjadala." Hapo umewakaribisha watu 14 kila mmoja aseme analolijua, na bingwa atahutubia, nakuhakikishia. Au uanze hivi: "Malaria nimempima, hana. Presha iko sawa, hana homa, wala uchafu ukeni hauna harufu. Stoo nina haloperidoli na daizepamu. Ananyonyesha. Ndugu wanataka kumpeleka kwenye maombi usiku huu huu. Nianze dawa, na mtoto alale na nani?"

Swali la pili linajibika. Mtu atakwambia hali hii ni ya dharura na haisubiri kikao. Mwingine atauliza kama mama anataja kumdhuru mtoto, kwa sababu anayeamini mtoto amebadilishwa anaweza kutaka "kumrudisha". Mkunga, kama mnaye, atauliza kama aliwahi kupata kifafa cha mimba na kama wingi wa damu umepimwa. Ofisa ustawi atauliza bibi yuko wapi, kwani mtoto asiachwe peke yake na mama hata kwa dakika moja, na wakati huohuo asitengwe naye moja kwa moja. Kuhusu maombi, mtu mzima mmoja kikaoni atasema: waache waombe, ila waombee wodini. Dakika 15, na mama wa watu ana mpango.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia kuliko zote: swali kwanza, tena moja, kisha historia ya dakika tano inayolihudumia swali hilo tu. Mwasilishaji aliandike swali lake siku moja kabla na kulituma kwa mwendeshaji. Asipoweza kuliandika kwa sentensi mbili, hajawa tayari, na mara nyingi ile kazi ya kulitafuta swali ndiyo inayomfungua. Nimewahi kupigiwa simu Jumatano usiku na mtu akisema, "Dokta, nimeandika swali nikagundua jibu ninalo, naomba nafasi yangu apewe mwingine."

Kutokana na hilo kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Leteni wagonjwa waliowashinda, msilete wa kuvutia. Kila kundi jipya huanza na kesi za ajabu, yule anayeongea lugha asiyoijua, yule aliyekaa uchi mlimani miaka mitatu. Zinasisimua, watu wanacheka kidogo (nacho kicheko nitakisema), na hakuna anayejifunza la kufanya kesho. Wakati huohuo kila mmoja ana mgonjwa wa sonona asiyepona mwezi wa sita sasa, au kijana wa bangi anayerudi kila miezi miwili, na hamleti kwa sababu kumleta ni kukiri kwamba umeshindwa. Mwanzoni waanze kukiri wakubwa. Bingwa wenu akileta mgonjwa wake mmoja aliyemshinda, wengine watafunguka wiki inayofuata.

Sasa huyo bingwa. Jambo mnalolifanya lina historia yake, na ni vizuri mfawidhi wako aijue. Mwaka 2003 daktari wa ini anayeitwa Sanjeev Arora, wa Chuo Kikuu cha New Mexico kule Albuquerque, Marekani, alikuwa na kliniki ambayo wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walisubiri miezi kuipata, na wengine walisafiri mamia ya kilomita. Akaanza kukutana kwa video kila wiki na watoa huduma wa vijijini na wa magereza. Wao wanaleta wagonjwa wao, wanajadiliana, wao wenyewe wanatibu. Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa, wagonjwa 407: waliotibiwa na hao wa vijijini na magerezani walipona kwa asilimia 58.2, na wa kliniki ya chuo kikuu kwa asilimia 57.5. Yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Mtindo huo, uitwao ECHO, umeenea nchi nyingi na umeingia kwenye magonjwa mengine, ya akili yakiwemo.

Mfano huo nauheshimu kwa sababu moja hasa: mgonjwa anabaki kuwa wa yule aliye naye. Bingwa hajamwona. Akisahau hilo, anaanza kuagiza. Mwaka fulani tabibu mmoja wa kike alileta kijana wa skizofrenia anayekakamaa kwa dawa. Mimi huyo, kwa kujiamini, nikamwambia ambadilishie ampe olanzapini. Akanyamaza kidogo, kisha: "Dokta, huku hiyo hatujawahi kuiona." Nikapendekeza nyingine. Nayo haipo. Tulipofika ya tatu watu walishaanza kufunga maiki na kuendelea na shughuli zao. Alichokuwa nacho ni haloperidoli, kloropromazini, sindano ya kila mwezi na vidonge vya kulegeza ukakamavu, na jibu sahihi lilikuwa humo humo: dozi ilikuwa kubwa mno, ipunguzwe. Tangu siku hiyo naomba mwasilishaji aseme kilichomo stoo kabla hajasema ugonjwa. Mazungumzo marefu juu ya dawa ya litiamu mahali ambapo kiwango chake kwenye damu hakipimiki ni burudani ya sisi wenyewe.

Ndiyo maana bingwa aseme mwisho, na asiwe mwendeshaji. Mwendeshaji awe mmoja wenu, muuguzi au mwanasaikolojia mwenye ujasiri wa kusema "ahsante Dokta, dakika zimeisha". Wachangie kwanza wale wa ngazi ya chini. Sababu yangu haina uhusiano na adabu wala usawa. Mkubwa akishasema, mdogo hawezi tena kusema kinyume; hata kama ameliona jambo, atalimeza.

Na wadogo wanaona mambo. Katika kikao kimoja tulijadili mtu mzima wa kifafa anayeanguka kila wiki ingawa dawa yake, kabamazepini, anaimeza vizuri. Tulizunguka: dozi, pombe, usingizi. Muuguzi mmoja aliyewahi kufanya kazi CTC, kliniki ya wenye VVU, akauliza taratibu kama mgonjwa yuko kwenye dawa za kufubaza virusi. Yuko. Basi kabamazepini hushusha mwilini kiwango cha dolutegraviri, mojawapo ya dawa hizo za kufubaza, na kifafa kilikuwa sehemu ndogo tu ya hatari iliyokuwa ikimnyemelea yule mtu. Virusi vilikuwa vinapewa nafasi ya kuamka. Mimi bingwa nilikuwa nimeipita hiyo. Ama unabadilisha dawa ya kifafa, ama dolutegraviri inatolewa mara mbili kwa siku, na CTC wahusishwe siku hiyohiyo. Kama ningeongea wa kwanza, yule dada asingefungua mdomo.

Kuna hila moja nyingine nimeichukua kwa Michael Balint, daktari mwenye asili ya Hungaria aliyewakusanya madaktari wa kawaida London miaka ya 1950 wazungumzie wagonjwa waliowachosha. Katika vikundi vinavyofuata njia yake, mwasilishaji akishasimulia na kuulizwa maswali machache, anarudi nyuma ananyamaza, wenzake wanamzungumzia mgonjwa kana kwamba yeye hayupo. Mtandaoni ni rahisi zaidi: anafunga maiki na kamera kwa dakika kumi. Jaribuni. Mtu anapoulizwa-ulizwa huanza kujitetea, "hilo nilishafanya, hilo nalo nilishafanya", na hasikii kitu. Akinyamaza anasikia. Kisha anarudi, anasema amechukua lipi.

Haya, picha na sheria. Mfawidhi wako amekosea na amepatia. Kushauriana na wenzako juu ya mgonjwa ni sehemu ya tiba tangu kale, na hakujawa kosa kwa kuwa kumehamia kwenye simu. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Wenzetu Kenya wanayo ya kwao tangu 2019. Picha ya mgonjwa kwenye kundi la watu kadhaa haina utetezi. Msijifariji kwamba WhatsApp imefungwa kwa siri toka simu hadi simu. Picha ikishafika mara nyingi inajihifadhi kwenye albamu ya simu, pamoja na za harusi, na simu hiyo mtoto anachezea gemu jioni. Aliyeituma akamweleze mfawidhi wake mwenyewe kabla hajasemewa. Na mgonjwa au ndugu zake waambiwe, kwa lugha nyepesi, kwamba picha ilisambaa mahali isipostahili na imefutwa. Ni aibu kusema hivyo, najua. Semeni.

Kundi la WhatsApp libaki la kutangaza saa na kiungo cha kuingilia. Hakuna herufi moja ya mgonjwa humo. Kikao kisirekodiwe, hata kwa ajili ya "waliokosa". Fikiria mnajadili kijana aliyenusurika baada ya kunywa sumu: katika Kanuni ya Adhabu yetu kujaribu kujiua kumeandikwa kama kosa la jinai, nanyi mmetengeneza rekodi yenye sauti za mashahidi 14. Kama kuna mwenzenu anayeingia kutoka nje ya nchi, Muscat au Ujerumani (wapo wengi walio tayari kujitolea), taarifa zinavuka mpaka, nayo sheria inalijali hilo pia. Sababu nyingine ya kumvua mgonjwa kila alama.

Kumvua jina peke yake hakutoshi. Niliwahi kusema kikaoni "dereva bodaboda mwenye mapacha watatu, mkewe ni mwalimu". Jina sikutaja. Mfamasia mmoja akaandika pembeni, "Nadhani namjua, ni jirani yangu." Wilayani watu hawajuani kwa majina, wanajuana kwa mapacha. Badilisheni kazi, umri sogezeni mwaka au miwili, wilaya msiitaje kabisa, na lile jambo la pekee ambalo halihusiani na swali liacheni. Aliyemtambua mgonjwa aseme na atoke kwa dakika hizo.

Na mgonjwa aombwe. Mimi husema: "Nina wenzangu ninaoshauriana nao kuhusu matibabu. Naomba ruhusa niwaeleze tatizo lako bila kukutaja." Wanaokataa ni wachache sana, wengi huuliza, "Na watasema lini?" Asiyejitambua kwa ugonjwa, zungumza na mlezi, kisha umuulize tena akipata nafuu. Ukishapata ushauri, andika kwenye faili lake kwamba mmeshauriana na wewe umeamua nini. Uamuzi ni wako uliye naye, kikao hakisaini.

Kuhusu kicheko nitasema kidogo. Wagonjwa wetu husema maneno ya kuchekesha, na sisi tuliochoka tunacheka ili tusilie. Nakielewa. Lakini mtandaoni huoni nani amekaa nyuma ya simu, pengine mwenzako ambaye kaka yake anasema maneno hayohayo nyumbani. Hali ni hiyohiyo mkiwacheka waganga wa kienyeji. Nusu ya mnaowatibu wamepita huko, na kesho watapita tena. Ulizeni wamepewa nini, wamefungwa kamba au la, wameacha vidonge au la, muendelee.

Mengine ni madogo. Saa nzima, kesi mbili, isizidi. Kamera ya mwasilishaji tu, wengine wafunge, bando litadumu. Umeme ukikatika mtu apige simu ya kawaida, mwendeshaji aiweke spika mbele ya kompyuta. Nimeona inafaa kuliko watu wanavyodhani. Kila mtu akae chumba chenye mlango. Anayesikiliza akiwa kwenye daladala mwondoeni bila kuona haya. Dharura haingoji Alhamisi: muwe na namba mbili za kupiga muda wowote.

Kitu kimoja si kidogo, nacho vikao vingi hukisahau. Mgonjwa arudi. Mtu mmoja awe na daftari, karatasi kabisa, lenye namba ya kesi, swali, mlichokubaliana na tarehe ya kurejea, wiki nne mbele. Siku hiyo mwasilishaji apewe dakika tano: alifanya nini, kimetokea nini. Bila hivyo mtajisikia wajuzi mwaka mzima bila kujua kama mmemsaidia hata mmoja. Mimi niligundua kwa daftari hilo kwamba ushauri wangu mwingi haukutekelezwa, na sababu haikuwa ubishi. Nilikuwa nashauri vitu vinavyohitaji nauli.

Siku nyingine atarejea mwenzenu aseme mgonjwa amejiua. Nimeiona zaidi ya mara moja. Hapo futeni kesi nyingine zote. Msianze na "ulimpa amitriptilini ya mwezi mzima?", ingawa swali hilo ni la haki na lina wakati wake: mtu mwenye mawazo ya kujiua hapewi dawa hiyo ya sonona kwa wingi, kwani yenyewe inaua. Siku hiyo anzeni na pole kama msibani. Mwacheni asimulie tangu mwanzo. Mara mbili, akitaka. Uchunguzi wa kilichopungua ufanyike kikao kinachofuata, yeye mwenyewe akiwa ameomba.

Sasa kijana wako wa kifafa. Mlete yeye kwanza Alhamisi, lakini njoo na vitu hivi. Alianza kuanguka akiwa na umri gani, na aliwahi kupata degedege utotoni? Anaanguka saa ngapi, usingizini au mchana? Dawa ipi, kiasi gani, na ni lini mara ya mwisho stoo yenu iliishiwa? Hesabu vidonge vilivyobaki nyumbani badala ya kumuuliza kama anameza. Kama yuko CTC, umeshaona kwa nini nauliza. Kwao wanafuga nguruwe? Mwenzenu yeyote aliyefanya kazi Mbulu atauliza hilo kabla ya yote, maana huko mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo ni sababu inayojulikana ya kifafa, na Rukwa nguruwe wapo.

Na kama ndugu zake wamemrekodi kwa simu akianguka, usiitume ile video popote. Itazame mwenyewe mara tatu, uandike: macho yako wazi au yamefumbwa, mtikisiko unaanzia upande gani, unachukua dakika ngapi, na baada ya hapo anazinduka mara moja au analala. Macho yakiwa yamefumbwa kwa nguvu muda wote, huenda si kifafa; tutauliza maswali mengine kabisa, pengine kuhusu nyumbani kwao, na kuongeza dozi hakutamsaidia.

Bingwa wenu wa dakika 40 msimfukuze. Mpigieni simu kabla ya Alhamisi, mumwambie mnamhitaji, ila asubiri muuguzi na tabibu wamalize ndipo aseme. Akikasirika, nipe namba yake, nimweleze habari ya olanzapini.